Somo la Majuto

"Uongo," mwalimu alisema. "Rudia."

Mkandarasi alipiga magoti tena, suruali yake ya bei mbaya ikizoa vumbi la sakafu. "Mama, nisamehe. Nilimgonga mwanao, nikakimbia."

"Unaomba msamaha au unaagiza saruji? Rudia!"

Mkandarasi alimchukia mtu huyu kuliko alivyomchukia mwendesha mashtaka. Kosa alishakiri, ilibaki adhabu tu. Wakili wake alikuwa amemwonya: "Hakimu huyu anataka kuona majuto. Ukimwendea na uso huo mkavu, utaozea ndani." Mchana uleule, nje ya mahakama, walikuta kadi imebanwa kwenye kioo cha gari la wakili: *Mafunzo ya uigizaji. Machozi ya kweli.*

Mwenye kadi alikuwa Simanzi, kwa jina lake la uigizaji, yule wa tamthilia, aliyewaliza watu kwenye televisheni kwa miaka ishirini. Sasa alifundisha katika chumba kimoja juu ya duka la rangi, chenye viti viwili na kioo kilichopasuka.

"Umeshuka, mzee," mkandarasi alimwambia siku ya kwanza, akicheka. "Kutoka kwenye skrini hadi kufundisha watu kama mimi! Kulikoni?"

"Mwaka huu niliambiwa nilie mbele ya kamera, nikashindwa. Piga magoti."

Wiki tatu, kila siku, walirushiana maneno makali. Mwalimu hakumpa hata maji.

"Viatu vya binti viliangukia wapi?"

"Nitajuaje? Sikusimama."

"Kimoja kilikutwa ng'ambo ya barabara. Alikuwa amekifunga kamba mwenyewe asubuhi ile. Sema."

"Kumbe umesoma faili langu!"

"Sema, mshenzi wewe!"

Mkandarasi alikunja ngumi. Akafungua kinywa atukane, na badala ya tusi kikamtoka kilio asichokijua. Alilia hadi kamasi zikamfika kidevuni. Akamwona mtoto, akaona kamba za viatu.

"Hapo sikuigiza," alisema alipopata pumzi.

"Najua." Mwalimu alimtazama kama mtu anavyotazama kinyesi kizingitini pake. "Kesho, hivyohivyo." Mkono alionyoshewa hakuupokea.

Kesho yake mahakamani, mama wa marehemu alikaa benchi la mbele, peke yake kama siku zote. Mkandarasi alimgeukia, akapiga magoti, akaomba msamaha huku analia. Karani alijifuta macho. Wakili alimnong'oneza, "Umepona, ndugu yangu."

Hakimu alivua miwani.

"Kabla sijatoa adhabu, familia ya marehemu ina haki ya kusema kama majuto haya inayaamini. Mama, utasema?"

Mama alitikisa kichwa. "Atasema mzazi mwenzangu. Tuliachana zamani, lakini mtoto alikuwa wetu sote."

"Basi baba wa marehemu aje mbele."

Kwenye benchi la nyuma, Simanzi akainuka.