Bangili ya Wakesho

Katika kaunti moja kila msichana alivaa bangili, na ikiona mimba iliwaka nyekundu, basi marufuku kuvuka daraja la mpakani mpaka ajifungue. Ya Wakesho iliwaka akiosha vyombo. Alikuwa na miaka kumi na mitatu.

Mamake, Mghoi, aliifunika kwa leso, akamkokota hadi darajani. Ng'ambo, hospitali bado zilisaidia kutoa mimba.

"Anaumwa na jino, afande."

"Jino gani linawaka hivyo, mama?" Askari alicheka. "Na si wewe uliyepiga vigelegele barazani tukipitisha sheria hii?"

"Nilidhani ni ya watoto wa wenzangu."

Askari alimkabidhi Wakesho furushi la nepi za serikali. Mtoto akapokea kwa mikono miwili, kama mamake alivyomfunza, akasema asante.