Ukuta Unaosikiliza Pumzi

Siku hizo kila nyumba ilikuwa na ukuta unaosikiliza pumzi, na aliyesikika akihema kwa shida alipelekwa Mji wa Hewa Safi. Waliokwenda huko hawakurudi.

Nyanjige alikuwa amebanika samaki miaka nenda rudi, mpaka moshi ukamharibu mapafu. Mumewe, Bulugu, hakutaka achukuliwe. Jioni ukuta ulipowasha taa yake, alimketisha, akamshika mikono.

"Vuta kwa pua, Mama Kulwa, taratibu. Sasa bana midomo, utoe polepole, kama unapuliza makaa."

"Makaa hayohayo yaliyonimaliza?"

"Hayohayo. Safari hii yatakutunza."

Nyanjige akacheka, akakohoa, akaanza upya. Bulugu akapuliza naye, pumzi kwa pumzi, hadi kifua cha mkewe kikatulia na pumzi zao zikaenda pamoja kama za mtu mmoja.

Ukuta ukauliza kwa upole, "Nasikia mtu mmoja tu. Mwenzako amefariki lini?"

Bulugu akataka kukanusha. Nyanjige akamziba mdomo kwa kiganja.

"Sema jana," akanong'ona. "Marehemu hapelekwi popote. Ila usiniache nyuma, Baba Kulwa. Puliza."