Bafu Kwanza

Mama mkwe alikibandua kigae cha sakafu ya bafu kwa kisu cha siagi. Hakutumia hata nguvu. Kilitoka kizima, akamwinulia Dewey usoni kama askari aliyeshika ushahidi.

"Hiki umekigandisha na nini, mkwe? Mate?"

"Gundi, Mama. Juu ya plaiwudi. Ni imara."

"Plaiwudi ni mbao iliyosoma kidogo," alisema mama mkwe, Aili. "Ikinywa maji inavimba, ikikauka inasinyaa. Kigae hakijui kucheza ngoma hiyo. Kinapasuka. Ng'oa vyote."

Dewey akang'oa vyote. Alikuwa mtu wa Ohio, mpole, mwenye kitambi cha heshima, naye alikuwa amemwoa Marlys, binti pekee wa mjane huyu wa Calumet. Aili alikuwa na magoti mabovu na ulimi mzima. Alikaa mlangoni mwa bafu juu ya ndoo iliyopinduliwa, kikombe cha kahawa mkononi, akisimamia kazi kama mnyapara.

Dewey alivumilia kwa sababu moja. Yeye na Marlys walikuwa wamemletea mama picha za nyumba nzuri ya kutunzia wazee kule Houghton, yenye bustani na supu kila mchana. Mama alizitazama, akaziweka chini ya birika, akasema, "Bafu kwanza. Likiisha, Jumamosi hiyo ndipo tuzungumze habari ya kuhama." Marlys alilia kwa furaha garini. Kesho yake akamwarifu mwenye nyumba waliyopanga kwamba wanaondoka, maana nyumba ya mama ingebaki tupu.

Basi Dewey akapiga magoti. Alikaza plaiwudi ya zamani kwenye boriti kwa skrubu mpaka sakafu ikaacha kulia. Hapo akaambiwa bado: inataka tabaka la pili.

"Nenda kwa Reino Kangas akupe mbao zilizonyooka, siyo zile anazowauzia watalii. Na umwambie sura yake bado ni ya kiazi."

Dukani Dewey aliomba mbao, habari ya kiazi akaimeza. Mzee Reino akamkazia macho juu ya miwani.

"Na sura yangu amesemaje?"

"Kiazi," alisema Dewey, akitazama misumari.

"Afadhali. Wiki jana nilikuwa kabichi. Sasa mwambie hivi: kati ya ubao na ubao uachwe upenyo, unene wa sarafu, mbao nazo zinapumua. Na maungio ya juu yasikae juu ya maungio ya chini. Kama halijui hilo, miaka yote ile na mume fundi seremala alikuwa akifanya nini?"

Dewey alipofikisha salamu, Aili alicheka puani. "Mshenzi yule," alisema, akamwambia afanye vivyo hivyo.

Kesho yake mshenzi mwenyewe akaja. Alikuwa mzee mkubwa kama jokofu. Alirukaruka juu ya plaiwudi mara kadhaa, akasikiliza, kisha akaingia na buti zake ndani ya beseni la kuogea na kuketi. Wenye maduka, Dewey alijisemea, hawaachi kutafuta cha kukuuzia.

"Hapa weka chuma cha kushikia," alisema Reino, akigonga ukuta. "Kimo cha bega."

"Bega la nani?" aliuliza Aili.

"Bega la mtu."

Waliondoka wakibishana hadi jikoni, na huko wakabishana mpaka pai za nyama zikaisha. Dewey alikifunga chuma pale palipogongwa. Mama mkwe asingekifikia bila kupanda kigoda, lakini yeye Dewey kilimkaa sawasawa. Alijiona tayari yumo majini, redio inaimba, hakuna mtu mlangoni juu ya ndoo. Akaanza kupiga mluzi.

Zilifuata bodi za saruji, zisizovimba kwa maji, na utepe wa wavu kwenye kila ungio. Kisha saruji ya vigae, iliyotandazwa kwa mwiko wa meno, michirizi yote ikielekea upande mmoja. Alipoizungusha huku na huku kama mtu anayepaka keki krimu, Aili alimfanya aikwangue na kuanza upya. Vigae vilipokaa, mianya ya katikati yao aliijaza saruji laini. Kandokando ya kuta akatia silikoni, ili sakafu ipate pa kujinyoosha.

Ilipokauka, Aili aliinama kwa taabu, akagonga kigae kimoja kimoja kwa kifundo cha kidole. Hakuna kilicholia debe tupu.

"Toivo wangu asingekuwa na la kusema," alisema. Marehemu mumewe ndiye aliyeijenga nyumba ile.

Dewey akaona haya. Hakuna aliyewahi kumlinganisha na Toivo, isipokuwa kwa kumtukana.

"Mama, hata kule tutakuja kila Jumapili," alisema.

"Kule wapi?"

"Kule... Houghton."

Aili alimsogezea kikombe. "Kunywa kahawa yako, mkwe. Inapoa."

Jumamosi Dewey na Marlys walifika asubuhi, gari limejaa makasha yao. Mama alikuwa amesimama barazani, gauni la kanisani, nywele zimesukwa. Marlys alimkumbatia, akamwambia yeye ni mama jasiri.

Lori la duka la Kangas likaingia uani.

"Amekuja kuchukua mifuko ya saruji iliyobaki," alisema Dewey.

Reino alishuka amevaa tai. Akazunguka nyuma, akateremsha masanduku mawili ya nguo, na juu yake akaweka ndara.

"Usisimame tu hapo, Dewey," alisema Aili. "Mpokee baba mkwe wako mizigo."