Mwana Bila Uchungu

Siku hizi anayetoa taarifa kwamba mtoto anateswa hukabidhiwa mtoto huyo papo hapo, akae naye mpaka mashine ya ukaguzi ije kumtazama mwili. Ndiyo maana watu wakisikia kilio huongeza sauti ya redio. Siwema, ambaye hakujaliwa kuzaa, alitoa taarifa juu ya mtoto wa jirani.

"Hongera, dada," mama wa mtoto alimwambia bombani, mbele ya watu. "Umepata mwana bila uchungu."

Wanawake wakacheka. Siwema aliinamisha uso, akajitwisha ndoo yake akaondoka.

Nyumbani alimkuta Chausiku, mwenye miaka mitano, akila ugali harakaharaka kama anayeogopa kunyang'anywa. Alipomaliza, Siwema alimfunua mgongo. Kidonda cha kijiko cha moto kilikuwa kinakaribia kupona. Mashine ingekuja Ijumaa, na isipoona jeraha, mtoto angerudishwa kwa mama yake siku hiyohiyo.

"Shangazi, leo hunipaki dawa?" mtoto aliuliza. "Kinaniuma."

Siwema alilishika kopo la dawa kwa muda mrefu.

"Tutapaka Jumamosi, mwanangu," alisema, akalifunika.