Rimoti Iliyotetemeka

Mimi gemu halinitishi hata chembe, na hili la watu wanaogeuka mbwamwitu lilikuwa uozo mtupu: manyoya kama ufagio, makucha yanapenya ukutani. Nilimwapia mdogo wangu kwamba nikitetemeka nitaosha vyombo mwezi mzima.

Nikaweka rimoti ya gemu chini, nikafunga mapazia, nikarudi kukaa.

Mbwamwitu alikuwa amesimama katikati ya kioo cha runinga, ananitazama. Nikabonyeza. Hakusogea. Nikabonyeza tena. Pumzi yake tu ndiyo iliyozidi, ikajaa chumba kizima.

Rimoti ikaanza kutetemeka mikononi mwangu.

“Ndivyo ilivyotengenezwa,” nikapaza sauti. “Inatetemeka yenyewe!”

“Kweli, kaka?” akauliza mdogo wangu mlangoni.

Akafungua kiganja. Zilikuwamo betri mbili za rimoti.