Laini ya Mama

"Dada Zamda, mkopo umekataliwa," karani wa benki alisema. "Kumbukumbu zako zinaonyesha mkopo wa simu ambao hukulipa."

"Sijawahi kukopa kwa simu! Mama yangu anafanyiwa operesheni leo, kaka. Nipe namba iliyotumika kukopa, nimpate huyo mwizi."

Karani akamsomea. Zamda akaipiga papo hapo kwa hasira. Kioo cha simu yake kikaandika: Mama.

Ndipo akaikumbuka ile laini ya simu ya mama. Aliisajili kwa jina lake mwenyewe, kwa sababu alama za vidole vya mama zilikuwa zimefutika kwa kuponda kokoto, na mashine ya kusajili ikazikataa.

Kabla hajakata, simu ikapokelewa.

"Wamekupa, mwanangu?" mama akauliza kwa furaha. "Huku wameshanivika gauni la kijani."