Sauti Nyuma ya Mlango

Mkataba ulisema mwandishi aje mwenyewe kuikubali sauti ya mzimu, basi Zamaradi akaja. Alikuwa ameiuzia nyumba ya vitisho hadithi yake ya mtoto aliyefungiwa nje, ili watu walipe kiingilio waje waogopeshwe.

Nyuma ya mlango uliokuwa ukinuka rangi mbichi, mwigizaji aitwaye Tabu alipiga ukelele wa kupasua masikio.

"Sivyo," Zamaradi alisema. "Yule hakupiga kelele. Alibembeleza."

"Alisemaje, mama?" Tabu aliuliza kutoka ndani.

Zamaradi aliusogelea mlango. "Alikwaruza mbao kwa kucha. Akasema, 'Mama, sirudii tena.'"

Meneja, Bwana Shekiondo, alipiga makofi. "Mbona hili hukuliandika? Watu watakimbia humu!"

Kucha zikakwaruza, taratibu. "Mama, sirudii tena. Mama, nifungulie."

"Haya, Bi Zamaradi, tumepata. Tia sahihi hapa."

Lakini kalamu ilikuwa imeshaanguka sakafuni. Zamaradi alikuwa amepiga magoti mlangoni, akihangaika kwa mikono miwili kulivuta komeo ambalo fundi alikuwa amelichora tu kwa rangi.